Mzigo wa Nyumba ya Mikono Mitupu

Ulipoliweka gazeti chini wiki iliyopita, msomaji wangu, Shangazi alikuwa amesimama. Mpaka sasa bado amesimama. Magoti yake yameshavuka miaka themanini, kwa hiyo tumhurumie twende upesi.

Kama gazeti lile ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, sikulaumu. Kwa ufupi mambo yako hivi. Waasisi wa kijiji hiki walikuja kwa miguu, wakakata msitu, wakalima. Tangu hapo kila ukoo unaitwa kwa mzigo ambao mkubwa wao aliubeba njiani. Wapo Nyumba ya Mbegu, Nyumba ya Moto, Nyumba ya Jiwe la kusagia, na Nyumba ya Mbuzi. Halafu wapo Nyumba ya Mikono Mitupu, ambao inasemekana walifuata nyuma wakipunga upepo.

Sokoni kuna banda moja lenye paa, na chini ya paa kuna vizimba vinne, kila mzigo na kizimba chake. Mikono Mitupu wanauzia juani. Ndiyo sheria, na sheria hiyo haijawahi kumuumiza mtu yeyote, isipokuwa Mikono Mitupu.

Mama Mikate ni wa Mikono Mitupu. Tanuri lake liko nje ya banda, chini ya turubai lenye matundu, na kila msimu wa mvua moto unazimika, unga unalowa, na yeye anabaki kutazama mawingu kama mtu anayetazama mdai akija. Kizimba cha Nyumba ya Mbuzi kipo kitupu tangu wa mwisho wao ahame. Mama Mikate amekiomba. Mvua iko njiani.

Mwenyekiti wa soko, ambaye ni wa Nyumba ya Mbegu, alikuwa katikati ya kumkatalia kwa maneno matamu, ndipo shangazi yake mwenyewe, mdogo wa baba yake, alipoinuka akasema: "Mikono Mitupu walibeba mzigo. Tena mzito kuliko wa mtu yeyote."

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa endelea.

"Mzigo gani?" Mwenyekiti aliuliza.

Aliuliza akitazama dari. Si dharau, ni kiti. Mwenyekiti huendesha mikutano yote akiwa ameketi kwenye Kiti cha Babu Mkuu, yule mwasisi aliyebeba mbegu, na kiti hicho hakina miguu ya nyuma. Kimewekewa matofali, lakini matofali hayo hayajawahi kutosha, kwa hiyo mkaaji hulalia nyuma, magoti juu, macho kwenye mabati. Wajukuu wameshalieleza hilo mara nyingi. Babu Mkuu, wanasema, alikuwa mtu wa kuona mbali.

"Nimekuuliza, Shangazi. Mzigo gani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, na marehemu baba yako, na mimi mwenyewe, na hao watoto wako wanaovimba kichwa huko mjini. Mikono Mitupu walimbeba Babu Mkuu. Mgongoni. Kutoka huko walikotoka mpaka hapa mnapokaa."

Kisha Kinyozi, ambaye ni wa Nyumba ya Moto na hajawahi kukaa kimya kwa muda unaotosha kunyoa ndevu, akapasuka kicheko.

"Babu Mkuu alibebwa? Yule aliyetangulia mbele na fimbo?"

"Mbele alikuwa mbele," alisema Shangazi. "Lakini fimbo alikuwa anaelekezea tu."

Mama Mikate alikuwa amekuja na hoja zake, amezipanga tangu alfajiri huku akikanda unga: kwamba kizimba ni kitupu, kwamba kila mtu anakula mikate yake, kwamba paa haliulizi ukoo wa mtu. Hakuna hata moja iliyohusu mgongo wa mtu. Sasa watu wote walikuwa wanamtazama yeye, tena wengine walikuwa wanamtazama mabega.

Mabega anayo. Huwezi kukanda unga miaka yote ile ukabaki na mabega ya kitoto.

"Uongo," alisema Mwenyekiti kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa. "Shangazi amechoka. Jua kali leo. Naomba mmoja wenu amsindikize nyumbani akapumzike."

"Nani amechoka?" Shangazi aliuliza. "Mimi nimesimama. Wewe ndiye umelala."

Hata wazee wa Nyumba ya Jiwe walicheka, na hao huwa hawacheki mpaka wapate ruhusa.

Mwenye Mashine, anayesaga nafaka za kijiji kizima na ambaye ni katibu wa kamati, aliinua mkono. Yeye ni mtu wa taratibu. "Shangazi, kwa heshima zote. Una ushahidi?"

"Ninao."

"Uko wapi?"

"Mpwa wangu ameukalia."

Macho ya watu wote yakashuka kutoka kwa Shangazi mpaka kwenye kiti.

"Ondoka hapo tukione," alisema Shangazi.

"Siwezi kuondoka," alijibu Mwenyekiti. "Mkutano unaendelea."

"Basi endelea nao ukiwa umesimama kama watu wengine."

Msomaji wangu, kushuka kwenye kile kiti si kazi ndogo. Ni lazima ujivute mbele, ushike kingo, uhesabu moja mbili, uruke. Mwenyekiti alijivuta, akashika, akahesabu, akashindwa. Kinyozi na Mwenye Mashine wakamvuta kila mmoja na mkono wake. Alipotua chini alirekebisha koti, akakohoa, akawa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa ameketi.

Shangazi alikisogelea kiti akakigonga mgongoni kwa vidole.

"Haya mashimo ni ya nini?"

"Ya kupitisha upepo," Mwenyekiti alijibu haraka. Hilo jibu kila mtoto wa Nyumba ya Mbegu analijua kabla ya kujua jina lake.

"Upepo kwenye mgongo wa mtu?"

"Babu Mkuu alikuwa anatoka jasho sana."

"Na hiki kibao huku chini?"

"Cha kuwekea miguu. Ni heshima ya uongozi."

"Na kwa nini hakina miguu ya nyuma?"

Hapo Mwenyekiti alitazama dari kwa mazoea, akakumbuka kwamba sasa amesimama. "Mchwa," alisema.

Shangazi akamgeukia Mwenye Mashine. "Mwanangu, una mikanda chakavu ya mashine yako?"

Alikuwa nayo. Alikwenda kizimbani kwake akarudi na miwili, myeusi, mipana kama kiganja. Shangazi akaonyesha, Mwenye Mashine akapitisha. Mkanda ukaingia shimo la juu, ukatokea shimo la chini, ukakaa. Wa pili ukaingia upande wa pili, ukakaa vilevile. Mashimo ya upepo hayakubisha hata kidogo.

"Mama Mikate," Shangazi aliita. "Njoo, mwanangu. Piga magoti."

Mama Mikate alipiga magoti kwa kuipa meza kisogo, maana Kinyozi na Mwenye Mashine walikuwa wamekipandisha kiti mezani. Akapitisha mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto. Mbao zikalala mgongoni kwake. Hazikuchoma, hazikusukuma. Akaelewa, hapo hapo, kabla hajaambiwa neno, kwamba kile kitu kilichongwa kwa mgongo wa mtu mwenye mabega kama yake, na kwamba ubavuni kulikuwa na sehemu iliyokatwa kidogo ili kiwiko kisigonge.

"Bibi wa baba yako," alisema Shangazi, "walimwita Bibi Mabega. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua aliitwa hivyo. Sikujua kwa nini."

"Sasa ujue. Nipandisheni."

"Shangazi!" Mwenyekiti alipaaza sauti. "Utaanguka, utavunjika, wataniuliza mimi!"

"Nikivunjika wataniuliza mimi. Nipandisheni."

Wakampandisha. Akakaa kwa kuuegemea mgongo wa Mama Mikate, uso wake ukitazama walikotoka, miguu yake juu ya kibao cha heshima ya uongozi. Mama Mikate akasimama.

Kiti hakikuinama nyuma. Kilikaa wima kabisa. Tangu kijiji kianze, ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kukaa kwenye kiti kile akaona kitu kingine zaidi ya mabati.

Mama Mikate alianza kutembea. Alipita kizimba cha Moto, ambako Kinyozi ananyolea watu na kuuza mkaa kwa wakati mmoja. Akapita kizimba cha Jiwe, penye mashine. Akapita kizimba kitupu cha Mbuzi, chenye mlango wa wavu na kufuli lililoshika kutu. Akapita kizimba cha Mbegu, ambako Shangazi mwenyewe huuza mbegu zilizopangwa kwenye makopo. Nyuma yake alisikia Shangazi akisalimia watu kushoto na kulia, "Hamjambo? Hamjambo huko?" kama mheshimiwa kwenye ziara. Watu walicheka mpaka wakashikana mabegani.

Mama Mikate hakucheka. Alikuwa anamkumbuka baba yake, ambaye kwenye kila msiba na kila harusi alipewa ufagio kabla hajapewa kiti, akaupokea akitabasamu, kwa sababu alitoka kwenye watu waliokuja wakipunga upepo. Alifurahi, na wakati huohuo alitamani kumpiga mtu. Vyote viwili kwa pamoja, na mgongoni kuna mzee wa watu, kwa hiyo akatembea tu.

Alipomshusha Shangazi, Mwenye Mashine alikuwa ameshavua kofia.

"Kwa upande wa kamati," alisema, "ninaona mzigo umethibitika."

"Umethibitika!" watu wakaitikia.

"Kwa hiyo Mikono Mitupu wana haki ya kizimba."

"Wana haki!"

Mama Mikate aliweka mkono kifuani. Alikwisha kuanza kupima kwa macho mahali pa tanuri, ukutani kabisa, bomba la moshi litokee pale penye bati lililopasuka. Ungeishia hapo, msomaji wangu, ungekuwa mwisho mzuri, na mimi ningekwenda kulala. Lakini Kinyozi alikuwa anafikiri, na Kinyozi akifikiri ni lazima kuna mtu atakatwa.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Babu Mkuu alibeba mbegu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Alizibebea wapi?"

"Kwenye mfuko," Mwenyekiti alijibu. "Mapajani pake. Hilo kila mtu analijua. Hakumwachia mtu yeyote aushike."

"Na yeye mwenyewe alikuwa wapi?"

Mwenyekiti alirekebisha koti tena.

"Alikuwa mgongoni kwa Bibi Mabega," Kinyozi alijijibu mwenyewe kwa raha. "Kwa hiyo mbegu zilikuwa mapajani, mapaja yalikuwa kwenye kiti, na kiti kilikuwa mgongoni. Sasa nani alibeba mbegu?"

Kila mtu alikuwa ameshapata jibu. Kwa sheria ileile, iliyopiganiwa na kulindwa na Nyumba ya Mbegu wenyewe, mbegu zilibebwa na Mikono Mitupu. Nyumba ya Mbegu hawakubeba chochote. Walikaa.

Watu wakageuka wote kutazama kizimba cha Mbegu, makopo yake yaliyopangwa vizuri, na kigoda cha Shangazi mlangoni. Mwenyekiti naye aligeuka. Alikuwa amekalia kuti kavu, tena sasa hana hata kiti.

Mama Mikate alimwinamia Shangazi. "Shangazi, hilo hukulifikiria? Kizimba chenu kinaondoka. Utauzia wapi?"

"Nililifikiria."

"Na ukasema?"

"Mimi nimekaa kivulini tangu nilipozaliwa, mwanangu," alisema Shangazi. "Wewe umeungua jua. Nikasema kabla sijafa na mimi nionje." Alisema hivyo kwa mzaha, lakini Mama Mikate aliufunika kwa mkono wake mkono wa mzee uliokuwa juu ya fimbo.

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti kwa bahati. Mtu aliyeweza kuongoza mikutano akiwa amelala chali miaka yote ile ana akili zake. Alizunguka meza mara moja, akarudi na sura mpya kabisa, sura ya mtu aliyeguswa.

"Ndugu zangu," alianza. "Nimesikia. Nimejifunza. Mimi si mtu wa kukataa ukweli ukinijia umebebwa." Watu wakacheka kidogo, akawaacha wacheke. "Babu yetu alibebwa. Sawa. Lakini jiulizeni: mtu mzima na akili zake anabebwa kwa sababu gani?"

"Uvivu!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Ugonjwa," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Babu alikuwa mgonjwa. Mguu, labda. Au homa. Alikuwa taabani, hawezi hata kusimama, lakini mfuko wa mbegu hakuuachia. Mgonjwa, ndugu zangu! Anaumwa, anatetemeka, lakini mikono yake imeshika mbegu tunazokula mpaka leo. Huko si kubeba? Mniambie ninyi, huko si kubeba?"

Lo! Kina mama wawili walishika mashavu. Mzee mmoja wa Nyumba ya Jiwe alijifuta jicho. Kinyozi akafungua mdomo, akaona hali ya hewa imebadilika, akaufunga.

"Basi tusigombane," Mwenyekiti aliendelea. Aliingiza mkono mfukoni akatoa ufunguo. "Huu ni wa kizimba cha Mbuzi. Mama Mikate, dada yangu, ni wako. Leo. Sasa hivi. Mbegu wabaki kwao, Mikono Mitupu waingie kwa Mbuzi, kila mtu chini ya paa."

Banda likapiga makofi.

"Ila kitu kimoja," alisema, na makofi yakasimama. "Kitu kidogo tu. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba yako. Useme mbele ya mkutano kwamba nyumba yenu ilimbeba Babu Mkuu kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Katibu akuandike. Yaishe."

Ufunguo ulikuwa pale, kwenye kiganja chake, umefungwa kamba nyekundu. Neno moja tu. Mgonjwa.

Mama Mikate alitazama nje. Upepo ulikuwa umeanza kulichezea turubai lake, kona moja imeng'oka, inapigapiga tanuri. Msimu uliopita wa mvua alizima moto wiki nzima nzima. Aliuza baiskeli ya marehemu mume wake ili watoto wasilale na njaa, na mpaka leo akisikia kengele ya baiskeli barabarani anageuka. Alikitaka kizimba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine chochote tangu awe mjane. Na kwa nini asiseme? Huenda kweli alikuwa mgonjwa. Nani anajua?

Mmoja alikuwa anajua. Mama Mikate aliinama tena.

"Shangazi, ni kweli alikuwa mgonjwa?"

Shangazi alionekana kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kumkabidhi mwenzake.

"Bibi yangu aliniambia akinisuka nywele," alisema. "Nilikuwa msichana mdogo. Aliniambia nisimwambie mtu, na sijamwambia mtu. Unataka kweli? Ukishasikia huwezi kurudisha."

"Nataka."

Shangazi akamvuta sikio, akanong'ona.

Alinong'ona nini? Msomaji wangu, usinikazie macho. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo, na Kinyozi, aliyekuwa karibu zaidi, alijaribu kusikia mpaka nusura aanguke mapajani pao, akaambulia fimbo ya goti. Nitakachokuambia ni uso wa Mama Mikate. Kwanza ulikunjamana. Kisha macho yakamtoka. Kisha, Mungu ananiona, alikandamiza mkono mdomoni asicheke. Na baada ya hapo uso ukazimika kabisa, kwa sababu alikumbuka ufunguo.

"Nimekuambia wewe," Shangazi alimaliza kwa sauti ya kawaida. "Mimi leo nimeshasema vya kutosha. Ukinyamaza nitanyamaza, tena nitakuja kununua mkate wako kizimbani. Sitakulaumu."

"Tunasubiri, dada yangu," alisema Mwenyekiti.

Mwenye Mashine alikuwa ameshika kalamu. Tone la kwanza la mvua liligonga bati, kisha la pili. Watu waliokuwa ukingoni wakasogea ndani.

"Sema tu," alinong'ona Kinyozi. "Mgonjwa. Neno lenyewe fupi. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshahamia."

Mama Mikate alisimama. Alifikiria tanuri, na bomba la moshi, na ukuta mkavu. Alifikiria watoto wake wakimkuta jioni ana unga usiolowa. Yote hayo yalikuwa ya kweli, na yalikuwa karibu, yalikuwa kwenye kiganja cha mtu anayetabasamu.

Lakini alimfikiria pia baba yake na ule ufagio. Nyumba yao ilikuwa imebebeshwa uongo na watu wengine tangu zamani, wakaubeba, kwa kuwa hawakujua. Leo yeye anajua. Akisema lile neno, uongo wa pili atakuwa ameuokota mwenyewe, akauweka mgongoni kwa watoto wake kwa mikono yake miwili. Aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa karibu kulisema.

Akapiga moyo konde.

"Hakuwa mgonjwa," alisema.

Tabasamu la Mwenyekiti lilibaki mahali pake, ila halikuwa na mtu ndani. "Umesemaje?"

"Babu Mkuu hakuwa mgonjwa. Miguu yake ilikuwa mizima kuliko ya mtu yeyote kwenye msafara. Ndiyo iliyokuwa tabu yenyewe." Alimgeukia Mwenye Mashine. "Walipofika mtoni aligeuza. Alitaka kurudi alikotoka, na mfuko wa mbegu zote mkononi. Wakamshika, wakamsihi, akakubali. Walipolala akakimbia. Wakamfuata, wakamrudisha, akakimbia tena. Kwa hiyo Bibi Mabega akachonga kiti."

"Mama Mikate," alisema Mwenye Mashine, kalamu ikiwa hewani, "niandike nini hapo?"

"Andika kwamba alimfunga. Bibi Mabega alimfunga kamba kwenye kiti, yeye na mfuko wake, akambeba akipiga mateke na kutukana mpaka hapa. Kile kibao cha chini si cha heshima. Ni cha kufungia miguu."

Ungesikia banda lile! Mabati yalikuwa yanapigwa na mvua kutoka juu na vicheko kutoka chini. Mzee wa Nyumba ya Jiwe, yuleyule aliyejifuta jicho, sasa alikuwa analifuta kwa sababu nyingine. Kinyozi alikuwa amekaa sakafuni.

Mwenyekiti alifumba kiganja. Ufunguo ukapotea ndani.

"Basi mmesikia wenyewe!" aliwika. "Amekiri! Nyumba yao haikubeba mzigo. Ilimteka mtu! Ilimwiba kiongozi wetu kama kuku! Na watekaji hawapewi kizimba, wanapelekwa polisi!"

Vicheko vikapungua. Wengine wakatazamana. Neno "watekaji" lilikuwa zito, na Mama Mikate aliona nyuso mbili tatu za Nyumba ya Jiwe zikianza kumwangalia vingine. Nje, turubai lake lilichanika, likaruka, likaenda zake barabarani. Mvua ikaanza kuingia kwenye tanuri.

"Halafu nani atayaamini haya?" Mwenyekiti aliendelea, sasa amepata nguvu. "Babu Mkuu alikuwa na mke! Mke wa ndoa, mwanamke wa heshima, bibi yetu sisi wote wa Nyumba ya Mbegu. Alikuwa palepale msafarani. Angekaa kimya akiangalia mume wake anafungwa kama mzigo wa kuni? Angekubali?"

"Hakukaa kimya," alisema Mama Mikate.

"Enhe! Alisema nini?"

Mama Mikate alimtazama Shangazi. Shangazi alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo, ruhusa.

"Alisema kamba imelegea. Bibi yako, Mwenyekiti, ndiye aliyekaza fundo."

Mwenyekiti aligeuka taratibu kumtazama shangazi yake. Koti lilikuwa limemkaa upande. Kwa mara ya kwanza mchana ule hakuonekana kama mwenyekiti wa kitu chochote, alionekana kama mtoto aliyeulizia kitu sebuleni watu wazima wote wakanyamaza.

"Shangazi. Bibi alimfunga Babu? Kwa nini? Ni mbegu tu? Mtu anamfunga mume wake kwa sababu ya mbegu?"

Shangazi alijiinua kwa fimbo, goti moja, kisha la pili.

"Mbegu zilikuwa wasiwasi wa Bibi Mabega," alisema. "Bibi yangu, mkewe, alikuwa na lake. Wewe unauliza kwa nini alimfunga. Hujauliza kila alipotoroka alikuwa anamkimbilia nani."